Boksi la barafu ndilo hilo hilo la sufuria ya moto: jinsi ya kulitengeneza

Shika bomba la chuma na ubao vilivyolala chumba kimoja usiku kucha. Chuma kitakuuma kwa ubaridi, ubao utauona wa kawaida tu. Lakini ukivipima kwa kipimajoto, viko sawasawa. Chuma kinanyonya joto la mkono wako upesi na kulisambaza mwilini mwake; ubao unalipokea kidogo kidogo. Hakuna baridi iliyoingia mkononi. Kuna joto tu, na lenyewe hutoka penye joto zaidi kwenda penye joto pungufu. Kihami, yaani kitu kama povu au pamba kinachopitisha joto kwa shida, hakilizuii lisipite, kinalichelewesha. Kwa hiyo boksi zuri halijali umeliwekea nini: likiwa na barafu, joto linatoka nje kuingia ndani, likiwa na sufuria, linatoka ndani kwenda nje. Ukuta ni ule ule.

Kinachofanya kazi ndani ya ukuta huo ni hewa iliyofungwa isitembee. Povu au pamba ni vya kuishikilia tu. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti, hewa iliyotulia hupitisha takriban 0.025, povu jeupe la polistirini 0.035 hadi 0.04, mbao laini kama 0.12, maji 0.6, barafu 2.2, na chuma cha kawaida karibu 50. Hewa ikipewa nafasi pana huanza kuzunguka, inapanda upande wa moto na kushuka upande wa baridi, ikibeba joto njia nzima. Ndiyo maana uwazi mtupu wa sentimita 10 kati ya kuta mbili haufui dafu mbele ya uwazi huo huo uliojazwa povu. Na pamba ukiishindilia sana unaifukuza ile hewa uliyoitaka.

Tumia mabamba ya povu ya unene wa sm 2.5, tabaka mbili. Bamba moja la sm 5 lina unene ule ule, ila viungo vyake vinapenya moja kwa moja hadi nje. Kwa nafasi ya ndani ya sm 40 × 30 × 30, kata hivi:

Tabaka la ndani: kitako 40 × 30, kuta ndefu mbili 40 × 32.5, kuta fupi mbili 35 × 32.5, zifunike ncha za zile ndefu.

Tabaka la nje: kitako 45 × 35, kuta fupi mbili 35 × 35, kuta ndefu mbili 50 × 35, safari hii ndefu ndizo zifunike ncha. Viungo vya pembeni vitapishana bila kupanga zaidi.

Kifuniko: vipande viwili vya 50 × 40, na chini yake kimoja cha 39.5 × 29.5 kinachozama mdomoni kama kizibo.

Gundi ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Gundi ya viatu na chochote chenye petroli hulila povu hili mpaka libaki shimo. Usikaze kwa skrubu zinazopenya ukuta: skrubu moja ya chuma yenye kipenyo cha mm 4, kwa hesabu ya juu juu, hupitisha joto sawa na kipande cha povu cha sm 13 kwa 13. Ukitaka ganda la plaiwudi, skrubu zake ziishie kwenye plaiwudi.

Tegemea nini? Nje kukiwa na nyuzi 30 na ndani barafu inayoyeyuka, boksi hili hupokea kama wati 19. Kilo moja ya barafu humeza kilojuli 334 ili iyeyuke, kwa hiyo utapoteza karibu kilo 5 kwa siku, hata usipofungua. Ukuta wa sm 10 hushusha hadi kilo 3 hivi; haifiki nusu kamili kwa sababu boksi limenenepa na eneo lake limeongezeka. Lita 5 za maji ya nyuzi 95, nje kukiwa na 25, zitapoa nyuzi 7 au 8 katika saa ya kwanza, kisha taratibu zaidi. Chakula kikikaribia nyuzi 60, kitoe ukipashe moto. Chini ya hapo bakteria huzaliana.

Sufuria isiguse povu. Polistirini huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi na kujikunja, na ukuta uliojikunja umeshapoteza umbo la kufunga. Izungushie taulo nene au blanketi pande zote na chini.

Unyevu ndio unaoharibu maboksi mengi kimyakimya. Mvuke hutoka upande wa joto kwenda upande wa baridi, na ukifika penye baridi ndani ya ukuta hugeuka maji, ambayo hupitisha joto mara 24 ya hewa. Nailoni ya kuziba iwekwe upande wa joto: kwa barafu, nje; kwa sufuria, ndani. Pamba au nguo zikitumika kama kihami, hapa hakuna mzaha.

Karatasi ya alumini wengi huibandika popote wakidhani kung'aa kunatosha. Inarudisha joto linalosafiri kwa mionzi pale tu uso wake unaong'aa unapotazama uwazi wa hewa. Ikibanwa katikati ya povu na sufuria, ni chuma chembamba tu.

Mwisho, kagua mdomo. Bana kipande cha karatasi chini ya kifuniko kisha kivute, ukizunguka pande zote nne. Kikitoka bila kukwama, bandika utepe wa sponji hapo na ujaribu tena. Jaza nafasi tupu ndani kwa nguo kavu, na kwa boksi la barafu usimwage maji yaliyoyeyuka mpaka yaanze kulowesha vitu, kwani bado yana ubaridi wa kutumika.