Ukiletewa mradi wa kuokoa mazingira, uhoji hivi kabla hujasaini

Kuna watu wakisikia tu neno mazingira washapiga makofi. Mimi viumbe na miti navipenda kwelikweli na ndo maana nasema mradi wowote wa kuleta mmea mgeni, kuleta mnyama mgeni au kumuondoa aliyepo uhojiwe mpaka utoe jasho.

Swali la kwanza ndo linaangusha wengi: huyo mnayemleta atakutana wapi na huyo mnayetaka amle? Usikubali jibu la "anakula wadudu" likaishia hapo. Mwaka 1935 Australia walichukua vyura wakubwa kutoka Hawaii, kama mia moja hivi, wakawapeleka Queensland wawamalize mbawakawa wa miwa. Sasa mbawakawa mkubwa anakaa juu kwenye majani ya muwa, chura yuko chini na kupanda hawezi, halafu mabuu yako ardhini yanatafuna mizizi na chura hachimbi, yaani ni kama wapangaji wa ghorofa tofauti wasiowahi kuonana. Chura akajilia vingine vyote, akazaana mpaka leo wanahesabiwa kwa mamilioni, na kwa vile ana sumu, kenge na nyoka wakimmeza wanakufa. Hawaii nao 1883 walileta nguchiro ili wawale panya wa mashamba ya miwa, nguchiro anawinda mchana, panya anatoka usiku! Mayai ya ndege ndo yakaumia. Kwa hiyo chukua karatasi, andika mlaji upande huu na mliwa upande ule, kila mmoja anatoka saa ngapi, anakaa wapi, anazaa msimu gani. Wasipokutana, mradi urudi ulikotoka.

Kama mradi ni wa kuua au kufukuza, uliza anayeondolewa alikuwa anamzuia nani. China 1958 shomoro waliwekwa kwenye orodha ya wasumbufu kwa kosa la kula nafaka, watu wakatoka na masufuria na ngoma kupiga kelele ndege wasitue, ndege wengine wakaanguka chini kwa uchovu. Hesabu iliyosahaulika ni kwamba shomoro anakula wadudu pia, wadudu wakashamiri mashambani, na 1960 shomoro akatolewa kwenye orodha, nafasi yake akapewa kunguni.

Halafu tukibadili mawazo mmea wenu tunautoaje? Waulize hivyo hivyo, na wajibu kwa vitendo. Mti mgeni unaoitwa mathenge ulipandwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, lakini ukiukata unachipua tena, mifugo ikila maganda inasambaza mbegu kwenye kinyesi, na utamu wa yale maganda unaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi wakaishtaki serikali na wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Kabla hujapokea mche hata mmoja, mwenye mradi akate mmoja mbele yenu, auzuie usichipue, aseme na gharama.

Kukiwa na malipo, angalia kinacholipiwa. Hanoi 1902 serikali ya kikoloni ya Ufaransa ililipa kwa kila mkia wa panya, basi mitaani wakaanza kuonekana panya wazima bila mikia, maana watu walikata mkia wakamwachia aende akazae mingine.

Sisemi mkatae kila kitu. Yule mdudu mweupe kama unga aliyekuwa anamaliza mihogo Afrika alidhibitiwa na nyigu mdogo kutoka Paraguay anayetaga yai ndani ya mdudu huyohuyo, akachunguzwa kwanza kwenye karantini Uingereza ndo akaachiwa Nigeria 1981, na ilifanya kazi vizuri sana. Kwa hiyo dai majaribio sehemu iliyofungwa, dai waonyeshe kiumbe chao kilinyimwa chakula chake kikawekewa kingine na hakikugusa, na iandikwe kwenye mkataba nani atahesabu baada ya mradi kuondoka, ikifika idadi gani kazi inasimama, na hela ya kusafisha iko akaunti gani.