Umeambiwa kuna utafiti wa dawa ya baridi yabisi? Soma hii kabla hujasaini

Ukiulizwa habari za asubuhi unajibu nzuri, hata kama vidole vimegoma kukunja toka alfajiri na blauzi umevalishwa na mwanao. Ndo salamu zetu, si uongo, ni heshima tu. Ila ukiingia kwenye utafiti wa dawa za viungo hiyo "nzuri" iache mlangoni, manake kule jibu lako ndo kipimo chenyewe, hamna mashine inayopima maumivu, na ukisema nzuri wakati hali mbaya unaipa dawa sifa isiyo yake, afu kesho inaandikiwa mgonjwa mwingine kwa sifa hiyo hiyo. Naandika kwa yule aliyeambiwa na daktari wake "kuna utafiti, ukipenda unaweza kushiriki" akatoka na bunda la makaratasi hajui aanzie wapi. Mi nilishapita huko, nilikaa mwaka mzima.

Kabla ya yote jua ugonjwa wako unaitwaje. Sisi tunasema baridi yabisi kwa kila kiungo kinachouma, lakini watafiti hawachanganyi. Kuna ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo, inapenda vidole na viganja, mara nyingi mikono yote miwili kwa pamoja, na asubuhi unaamka umekakamaa zaidi ya nusu saa, wengine masaa. Kuna ya gegedu kulika, hii ni ya magoti na nyonga sana sana, ukikakamaa asubuhi dakika chache unaachia, inauma zaidi ukishatembea. Kuna na jongo, ile ya tindikali ya yuriki kuganda kwenye kiungo, inavamia ghafla usiku na mara nyingi inaanzia kidole gumba cha mguu. Utafiti wa moja haukuhusu kama unaumwa nyingine, kwahiyo muulize daktari jina kamili na uliandike.

Halafu uliza utafiti upo hatua ya ngapi. Ya kwanza ni watu wachache, wanaangalia usalama, ya pili wanatafuta dozi, ya tatu ndo mamia hadi maelfu ya watu na dawa inalinganishwa na nyingine au na plasibo, ya nne ni ufuatiliaji dawa ikishaingia sokoni. Usiidharau hiyo ya nne. Vioxx ilikuwa dawa ya maumivu ya viungo, iliruhusiwa 1999 na ikaondolewa sokoni 2004 baada ya kuonekana wanaoitumia muda mrefu wanapata zaidi shambulio la moyo na kiharusi, yaani ilishamezwa na watu wengi sana duniani ndo likaonekana.

Sasa plasibo, hapa ndo watu wanakimbia. Plasibo ni kidonge au sindano inayofanana na dawa lakini ndani hamna dawa, na wewe hujui umepewa ipi na daktari anayekupima naye hajui, mnapangwa kwa bahati nasibu. Najua inavyosikika, mtu anaumwa unampa maji ya chumvi. Ila fikiria hili: mwaka 2002 huko Houston, Marekani, yalitoka matokeo ya wagonjwa 180 wa goti lililolika, wengine walifanyiwa oparesheni ya kweli ya kusafisha goti kwa kamera na wengine walichanwa ngozi tu wakashonwa, wakafuatiliwa miaka miwili na maumivu yakawa sawa. Sawa kabisa. Oparesheni iliyokuwa inafanywa kila siku haikuwashinda watu waliochanwa ngozi tu. Bila kile kikundi cha plasibo nani angejua?

Na kwenye baridi yabisi ya kinga mara nyingi huachwi mikono mitupu, unaendelea na dawa yako ya kawaida, mfano methotreksati, afu juu yake unaongezewa ama dawa mpya ama plasibo. Mara nyingi, si mara zote, kwahiyo uliza hivi hivi: "Nikiangukia plasibo nabaki natumia dawa gani? Na nisipopata nafuu, wiki ya ngapi mnanihamishia kwenye tiba ya kweli?" Utafiti uliopangwa vizuri una jibu la hilo limeandikwa. Ukiona mtu anababaika hapo rudisha makaratasi.

(Kwa wanaotumia methotreksati, iwe ndani ya utafiti au nje: ni mara MOJA kwa wiki, si kila siku. Chagua siku, iandike juu ya boksi kwa kalamu nene, mwambie na mtu wa nyumbani. Kuna watu wamekufa kwa kumeza kila siku.)

Fomu ya ridhaa usiisaini palepale hata nesi awe mpole vipi. Ni haki yako kwenda nayo nyumbani, ikae hata siku kadhaa, uisome na mtu anayeuliza maswali bila aibu. Na sio mkataba wa kukufunga, unaweza kujitoa siku yoyote, huhitaji kutoa sababu, na tiba yako ya kawaida haitakiwi kuguswa kwa sababu umekataa au umejitoa, hili limo kwenye misingi ya Helsinki ambayo madaktari wa dunia waliipitisha kwa mara ya kwanza 1964. Wakati unasoma tafuta vitu hivi: nauli na vipimo analipa nani, nikipata madhara nani ananitibu na kwa gharama ya nani, damu yangu ikishatumika inaenda wapi, kamati gani ya maadili imepitisha utafiti huu na naipataje nikiwa na malalamiko. Kama una umri wa kuzaa uliza kuhusu mimba mapema kabisa, methotreksati na mimba haviendi pamoja.

Lakini swali ambalo watu wanalisahau, mi nililiuliza kwa sababu tu dada yangu alinikanyaga mguu chini ya meza, ni hili: utafiti ukiisha, dawa naendelea kuipata? Hebu fikiria umekaa miaka umekakamaa, umepewa kitu kimekufungua mikono, unashika kikombe mwenyewe, afu siku ya mwisho unaambiwa ahsante kwa ushiriki wako. Inaumiza kuliko ugonjwa. Jibu liwe kwenye karatasi, la mdomo tu usilihesabu.

Ukikubali, watakupima kwanza kama unafaa. Sema ukweli wote hapa, hata ule unaoona aibu. Kama ndani kwako kuna mtu ana kikohozi cha muda mrefu sema, kwa sababu zile sindano za kuzuia TNF (kemikali ya kinga ya mwili inayochochea uvimbe) zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Unakunywa mitishamba, unameza vidonge vya maumivu vya kuazimwa, sema pia. Hakuna atakayekugombeza, na usiposema ini lako ndo litakuja kusema.

Sasa siku za kupimwa zenyewe. Nesi au daktari atakaa mbele yako na kubonyeza viungo 28, mabega, viwiko, viganja, vifundo vya vidole vya mikono, magoti. Anabonyeza kwa kidole gumba mpaka ukucha wake unakuwa mweupe kidogo, hapo ndo kiasi chake. Wewe kazi yako ni kusema inauma au haiumi, usimhurumie, usikaze meno. Na angalia, kwenye hizo 28 miguu chini ya magoti haimo! Vifundo vya miguu na vidole vyake havihesabiwi kwenye kipimo hicho, kwahiyo kama nyayo zako ndo zinakuliza, litaje mwenyewe waliandike.

Watakupa mstari wa kuweka alama, mwanzo ni hakuna maumivu, mwisho ni maumivu makali kuliko yote. Weka kwa wiki waliyokuuliza, usijitahidi kukumbuka mara iliyopita uliweka wapi ili ifanane. Afu kuna maswali ya kazi za kila siku, kuvaa na kufunga vifungo, kufungua bomba, kufungua chupa, unajibu bila tabu, kwa tabu kidogo, kwa tabu sana, siwezi. Mi kwenye vifungo niliweka bila tabu. Yule nesi akanitazama nguo akaniuliza taratibu, "Mama, mara ya mwisho kufunga kifungo mwenyewe ilikuwa lini?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshahamia magauni ya kuvaa kwa kuvuta kichwani, miaka miwili, na sikuwahi kujiambia kwanini. Kazi uliyoiacha sababu ya ugonjwa, au unayofanyiwa na mtu, si "bila tabu". Andika hivyo.

Na uchovu utaje. Zamani watafiti wa viungo hawakuwa wanaupa nafasi, walihesabu uvimbe na maumivu, mpaka mwaka 2002 wagonjwa walipokaribishwa kwenye mkutano wa watafiti uitwao OMERACT wakasema jamani kinachotumaliza ni uchovu, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Sasa unapimwa. Ni wagonjwa waliosema, sio maprofesa.

Usiende peke yako. Tafuta mtu mmoja wa kukusindikiza, huyo huyo kila mara ikiwezekana, akae na daftari, kazi yake ni kukumbuka ulichosahau na kusema "lakini juzi si ulilia usiku". Namba ya simu ya dharura ya utafiti iwe kwenye simu yako na kwenye simu yake, homa ikipanda usingoje siku ya kliniki. Kikundi cha wagonjwa wenzio nacho kinasaidia sana, kuna mambo mtu mwenye viungo vizima hawezi kuyaelewa hata akikupenda, ila msikae kulinganisha vidonge na kubashiri nani kapewa cha kweli, mkishaanza hivyo kila mtu anaanza kujisikia kulingana na alichobashiri na kazi yote inaharibika.

Mwisho wa utafiti dai matokeo kwa lugha unayoielewa, na dai kujua ulikuwa kundi gani. Mi walinipigia baada ya miezi mingi. Plasibo. Nilifungua daftari, wiki ya nane dada ameandika "leo kafunga kifungo kimoja", na kumbe nilikuwa kwenye methotreksati yangu ileile na sindano tupu. Nililia kidogo siwezi kusema ni kwa sababu gani. Afu nikawauliza ile dawa yenyewe sasa naipata, nikafungua ile fomu ukurasa wa kumi na moja nikawasomea walichoandika, na wiki iliyofuata nikaitwa kliniki.