Austin Seven inatangatanga barabarani? Anzia kwenye tairi, steringi boksi iwe ya mwisho

Mtu akipata Austin Seven (zile zilizotengenezwa Uingereza 1922 mpaka 1939) akaitia barabarani mara ya kwanza anashtuka, gari inatangatanga, haishiki njia, basi moja kwa moja anakimbilia kufungua steringi boksi (boksi la gia za usukani). Jamani msifanye hivyo, fuateni mpangilio huu.

Hatua ya 1: upepo. Pima tairi zikiwa baridi, mbili za mbele ziwe sawasawa. Twende.

Hatua ya 2: kingipini (ile pini ambayo tairi ya mbele inageukia ukikata kona), na hapa usiwe na haraka kabisa. Piga jeki chini ya ekseli, tairi iachane na ardhi, shika juu na chini halafu tikisa. Ikicheza bado hujajua ni beringi au kingipini, kwa hiyo mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukipotea ilikuwa beringi, ukibaki ni kingipini. Ila gari za kabla ya 1930 pedali inashika nyuma tu, breki za mbele ziko kwenye handbreki, kwa hiyo hapo vuta handbreki la sivyo utadanganyika. Sasa weka kidole pale pini inapopita kwenye jicho la ekseli (tundu la mwisho wa ekseli), ukiisikia inatembea mle ndani ujue jicho lenyewe limelika na kubadilisha bushi peke yake ni kutupa hela. Kama pako poa piga grisi gari ikiwa bado kwenye jeki, ukiishusha uzito unabana na grisi haifiki.

Hatua ya 3: ile mikono miwili ya ekseli ya mbele inakutana kwenye boljointi moja (kigololi ndani ya kikombe chake) katikati ya chesisi. Ikilegea ekseli nzima inajigeuza, toa shimu (vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi) kidogo kidogo mpaka isicheze lakini izunguke bila kukwama.

Hatua ya 4: nyuma, ambako wengi hawaangalii wakati tatizo kubwa liko huko. Springi zimefungwa kwenye chesisi kwa mbele tu na ekseli imeshikwa kwenye ncha za nyuma za springi, sasa gari ikilalia upande kwenye kona tairi ya nje inapanda huku inarudi nyuma, ya ndani inashuka na kwenda mbele, yaani ekseli ya nyuma inajipiga kona yenyewe na mkia unataka kutoka nje! Springi iliyopinda sana inazidisha, iliyokaribia kunyooka inatuliza, mimi naweka hiyo hata kama gari itakaa chini kidogo. Shokapu za msuguano kaza kushoto na kulia sawa.

Hatua ya 5: boksi sasa. Meno yanayolika ni ya katikati maana muda mwingi unaenda moja kwa moja, ukikaza bushi ya kurekebishia mpaka katikati pasicheze, ukikata kona usukani unabana, hiyo ni hatari. Geuza gia robo duara upate meno mapya, maana gia yenyewe ina meno duara zima, raha sana.

Ukiingia barabarani usiung'ang'anie usukani, ukiugusa kidogo tu gari imeshageuka. Punguza mwendo kabla ya kona, na ukiwa ndani ya kona usiachie mafuta ghafla.