Kuwapeleka watoto Zanzibar ukitokea Dodoma: angalia mwezi kwanza ndo ukate tiketi

Wazazi wenzangu wa Dom, likizo ya mwezi wa sita ikikaribia kila mtu anaulizia Zenji na maswali ni yaleyale, hoteli ipi, nauli shingapi, tulale siku ngapi. Hayo nitayasema ila naomba nianze na kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia mara ya kwanza na kilitumalizia siku mbili nzima za likizo. Maji. Bahari inajaa na kupwa, hilo tulisoma wote shuleni, lakini sisi tuliokulia huku bara maji mengi tunayoyajua ni bwawa la Hombolo au Mtera, na bwawa ukiliacha asubuhi jioni unalikuta palepale.

Tulifika Paje, kijiji cha ufukweni huko Zanzibar, usiku, watoto wakalala na nguo za kuogelea mwilini, saa tatu asubuhi tukatoka mbio na maboya yetu tukakuta bahari hakuna. Mchanga mweupe tu, vidimbwi, majani ya baharini, kina mama wanainama huko mbali kwenye mashamba yao ya mwani, na ule mstari mweupe wa mawimbi uko kulee kwenye mwamba. Mtoto wangu wa mwisho, alikuwa na miaka 5, akaniuliza mama maji wameyapeleka wapi. Nilikosa jibu. Yalirudi saa tisa saa kumi jioni, na sisi tulikuwa tumeshapanda gari kwenda kuzurura mjini kwa sababu tulijua ndo kulivyo.

Sasa iko hivi. Maji yanachukua kama saa sita kutoka kujaa mpaka kupwa, alafu saa sita nyingine kurudi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Alafu kuna bamvua na kuna maji mafu. Bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, hapo maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti inaweza kufika kama mita 4. Maji mafu ni mwezi ukiwa nusu, bahari inapanda kidogo inashuka kidogo. Kwa Unguja siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi hivi, ya alfajiri na ya jioni, na kwenye saa nne asubuhi yanakuwa yametoka kabisa. Siku za maji mafu inageuka, saa nne asubuhi ndo yamejaa na jioni ndo yametoka. Ratiba kamili ya kila siku ipo mtandaoni, tafuta ratiba ya maji Zanzibar kwa tarehe zako, lakini hata bila bando unaweza kutoka nje usiku hapo Ilazo au Nkuhungu ukaangalia juu, anga letu la kiangazi ni jeupe kabisa, mwezi unauona vizuri kuliko hata wao. Yule wangu wa mwisho saivi anahesabu mwenyewe, akiona mwezi umekaribia kuwa duara ananiambia mama wiki hii Paje wanaogelea jioni.

Kwahiyo tarehe zikishajulikana ndo uchague upande wa kisiwa. Mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu, Kiwengwa, Matemwe, maji yanatoka mbali sana, na kaskazini kule Nungwi na Kendwa hayatoki sana, unaogelea karibu saa yoyote. Watu wengi watakwambia nenda Nungwi moja kwa moja kwa sababu hiyo. Mi kwa watoto wa chini ya miaka 8 bado napenda mashariki, maana mwamba unavunja mawimbi huko mbali na ufukweni maji yanakuja taratibu, mtoto anaweza kukaa kwenye maji ya magotini saa nzima, na yakitoka asubuhi ndo anapata vidimbwi vya kuangalia samaki wadogo, kaa, na viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota. Wakubwa wanaojua kuogelea vizuri wapeleke Nungwi. Ila usigawanye siku nne kwenye sehemu tatu, kufungasha na kufungua mabegi na watoto ni kazi, na kutoka Nungwi mpaka Paje ni safari ya kuvuka kisiwa, hiyo siku imeisha.

Jambo moja la hatari hapa na naomba mlisome mara mbili. Maji yakitoka watoto watataka kutembea mpaka kule kwenye mawimbi, na inawezekana, wenyeji wanaenda. Lakini maji yakianza kurudi hayaji mbele tu kama unavyofikiria, yanajaza kwanza zile sehemu za chini nyuma yenu, unageuka unakuta kati yako na ufukwe pameshakuwa na mto. Nenda wakati maji bado yanatoka, na yakifika mwisho geuzeni hapohapo mrudi, na siku ya kwanza nendeni na mtu wa pale. Muulize tu, kaka maji yanajaa saa ngapi leo, hata mtoto wa shule pale anakujibu. Na msipite juu ya mashamba ya mwani, zile kamba na vijiti ni ada ya watoto wa mtu.

Miguuni vaeni kitu. Kuna wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba kama nungunungu, wanakaa kwenye mawe na majani, mtoto akikanyaga likizo inasimama. Raba za maji zinauzwa, ila hata sendo za zamani zenye mkanda nyuma zinatosha, ndala hazifai maana zinachomoka. Wa kati wangu alichomwa, tukatoa miiba iliyoonekana, tukauloweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, wenyeji wakatupakia utomvu wa papai bichi, kesho yake alikuwa anakimbia.

Safari yenyewe saivi imekuwa rahisi sana tofauti na zamani tulivyokuwa tunakaa kwenye basi kutwa nzima. Tangu mwezi wa 7 mwaka 2024 treni ya SGR inatoka Dodoma mpaka Dar, ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa treni ya kawaida, nauli yake ilianza kwa 31,000 mtu mzima, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu, chini ya miaka 4 bure. Kata mapema kwa simu, msimu wa likizo siti zinaisha. Ukishuka pale Dar stesheni na bandari ya boti za Zanzibar viko jirani, bajaji ni dakika chache. Pale bandarini kuna vijana watakupokea mabegi kabla hujasimama sawasawa na kukwambia boti imejaa ila yeye ana tiketi, wewe sema asante mdogo wangu nenda dirishani, au bora zaidi uwe umeshakata mtandaoni ukiwa Dom.

Boti za kasi ni kama saa mbili mpaka Unguja. Usipange treni na boti ya mwisho zikifuatana kwa karibu, weka angalau saa tatu katikati, na kama hazipatikani laleni Dar kwa ndugu. Beba kitambulisho cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na kama umechukua mtoto wa dada yako au wa jirani beba barua ya wazazi wake, hata kama hamtaulizwa.

Mwezi wa 6 mpaka wa 8 ni kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini, hali ya hewa kisiwani ni nzuri, ubaridi kidogo, mvua za masika zimeisha, ila bahari inachafuka na boti inayumba kwelikweli. Watoto wetu hawajazoea. Usiwape chai ya maziwa na chapati za mafuta asubuhi ile, wape mkate mkavu au ndizi. Kaeni ghorofa ya chini ya boti, katikati kuelekea nyuma, mbele ndo panarusha. Simu na michezo yake wasiangalie, waangalie nje mbali. Dawa ya kichefuchefu ulizia famasia kwa umri na uzito wa mtoto, inatakiwa anywe kabla boti haijaondoka, akishaanza kutapika umechelewa. Desemba bahari imetulia zaidi lakini Krismasi mpaka mwaka mpya bei za vyumba zinapaa, kama lazima iwe Desemba nendeni shule zikifunga tu, rudini kabla ya sikukuu.

Hela. Ukikuta hoteli imeandika bei kwa dola kwa ajili ya wageni wa nje, usiogope ukafunga ukurasa. Piga simu, ongea Kiswahili, ulizia bei ya mkaazi. Ni neno lao, mkaazi, na linafungua milango mingi, kuanzia chumba, boti, mpaka kiingilio cha msitu wa Jozani. Ulizia pia chumba cha familia chenye jiko, maana watoto watatu kula hotelini mara tatu kwa siku ndo kunakula bajeti, sio chumba. Sisi asubuhi tulikuwa tunakula hotelini, mchana tunapika wali na samaki tuliyenunua kwa wavuvi, jioni tunatoka. Beba keshi ya kutosha ukitoka mjini, usitegemee kukuta mashine ya benki kila kijiji.

Jua. Tunajidanganya kwamba sisi wa Dodoma jua ni la kwetu. Pale upepo unapuliza, mtoto hasikii kuungua, na mchanga mweupe na maji yanarudisha mwanga usoni, jioni mabega yote mekundu hawezi kulala. Wavalishe fulana za mikono mirefu hata ndani ya maji, wapake losheni ya jua nusu saa kabla na urudie kila wakitoka kwenye maji, na saa tano mpaka saa tisa wakae kivulini hata kama maji yamejaa vizuri. Madafu mengi, maji ya kunywa ya chupa, pakiti mbili tatu za ORS kwenye begi.

Na kwenye maji mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuangalia tu, asishike simu, asipige picha, mpeane zamu ya nusu saa nusu saa. Boya la kupulizia ni la kuchezea, haliokoi mtu, upepo ukitoka nchi kavu unalisukuma mpaka kwenye kina. Mkipanda boti ndogo kila mtoto avae laifu jaketi inayomtosha, nahodha asipokuwa nayo shukeni. Mi hiyo siwezi kulegeza hata kidogo.

Siku ambayo maji hayajakaa vizuri ndo siku ya matembezi. Kisiwa cha Changuu kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, boti kutoka Mji Mkongwe ni kama nusu saa, watoto wangu hili ndo walilopenda kuliko yote. Jozani kuna kima punju, wale wekundu ambao hawapatikani kwingine zaidi ya Zanzibar, wanakaa karibu kabisa na watu ila msiwashike wala kuwalisha. Safari za kukimbiza pomboo Kizimkazi mi sizipendi, boti nyingi zinamzunguka mnyama mmoja na watoto wanatapika. Jioni moja muwe bustani ya Forodhani pale Mji Mkongwe baada ya magharibi, urojo, mishkaki, juisi ya miwa, ile pizza ya Zenji, chagueni kinachopikwa mbele yenu saa hiyohiyo na pilipili iwekwe pembeni.

Nguo za kuogelea mwisho wake ufukweni. Ukiingia kijijini au dukani jifunge kanga, na mabinti wakubwa pia. Ikiwa Ramadhani watoto wale chumbani mchana. Makombe na viti vya pweza waviangalie hapohapo majini, wasivitoe wala kuvibeba, kiti cha pweza kikitolewa majini kwa ajili ya picha kinakufa.

Usiku wa mwisho laleni Mjini, sio ufukweni, ili asubuhi mpande boti mapema na mchana mpate treni. Nguo za maji ya chumvi zisuuzeni na maji ya kawaida jioni hiyo na mzianike, begi bichi mpaka Dodoma linanuka na chumvi inaharibu zipu. Viungo nunueni soko la Darajani vya pakiti, na kama mna mwenyeji kule kabla ya kwenda mpelekeeni zabibu zetu, mzibebe juu ya mizigo kwenye boksi gumu na mzikabidhi siku hiyohiyo mnayofika.