Jinsi ya kujitengenezea mtumbwi wa fito za mbao wa kuwindia bata

Wakuu, huu mtumbwi ambao mtu mmoja anaubeba mabegani peke yake, leo naelekeza mwanzo mwisho. Sio wa kuchonga gogo. Tunagundisha fito nyembamba juu ya kalibu (vibao vya plaiwudi vinavyoshika umbo la mtumbwi) alafu tunavalisha faibaglasi (kitambaa cha nyuzi za kioo), wa mita 4.8 ukitulia unatoka kama kilo 25 hadi 30, unaufunga kwenye keria unashuka nao bwawa la Mtera au Kyela kwenye ziwa Nyasa.

Mbao. Huku Mafinga paina imejaa ila mi naipenda saipresi, inavumilia maji kuliko paina. Tafuta isiyo na vifundo na iliyokauka kabisa, ile mbichi ya juzi achana nayo maana itakuja kukaukia kwenye mtumbwi na kupasuka. Pasua fito unene milimita 6, upana sentimita 2, zikiwa fupi unga kwa mshazari.

Kalibu. Chora nusu ya umbo la mtumbwi ukiukata kwa upana, pindua karatasi upate nusu ya pili, kata plaiwudi, simamisha moja kila sentimita 30 juu ya boriti iliyonyooka. Vuta uzi katikati na uurudie kuukagua, kalibu moja ikikaa upande mtumbwi utavuta kona maisha yake yote. Kwa bata fanya tumbo pana na bapa, tumbo la mviringo lina spidi ila ukifyatua bunduki unayumba vibaya. Kingo za kalibu zibandike selotepu gundi isishike.

Fito sasa. Mtumbwi umepinduliwa, unaanzia ukingoni unapanda kwenda mkuku (mstari wa katikati ya tumbo), moja kulia moja kushoto, gundi ya mbao inayovumilia maji, kaza kwa mipira ya tyubu. Ikikauka piga randa, msasa namba 80 alafu 120.

Resini, hapa naomba mnisikilize kweli kwa sababu nyanda za juu sio Dar. Resini ya epoksi, yaani gundi ya maji inayogandisha faibaglasi kwenye mbao, ikiwa chini ya nyuzi 15 nyingi zinachelewa sana kushika, kwaiyo Juni na Julai kwa baridi yetu usijaribu, subiri Oktoba. Na usipake asubuhi jua linapanda! Mbao ikipata joto hewa ya ndani inatanuka, inasukuma resini, unabaki na mapovu mwili mzima. Anza alasiri joto likianza kushuka, banda limefungwa upepo. Pima resini na hadina (dawa ya kuigandisha) kama kopo linavyosema, kuzidisha hadina hakuharakishi, kunaharibu. Kitambaa cha faibaglasi cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinatosha, tandaza, mimina, sukuma kwa kipande cha plastiki mpaka weupe wote uishe. Glavu mkononi, na ukipiga msasa vaa barakoa, vumbi la faibaglasi sio la kuvuta.

Toa kwenye kalibu, ndani rudia hivohivo. Ukingo wa juu weka mninga, kiti kiwe chini. Malizia na vanishi ya nje inayozuia jua, epoksi tupu jua linaila.

Jaribu kwanza kwenye maji ya magotini, ukiwa na boya. Mtera kuna viboko na mamba, na Nyasa ukivuma mwera (upepo mkali wa kusini) usiingie kabisa. Leseni ya kuwinda fuatilieni TAWA (mamlaka ya wanyamapori) mapema, na bunduki iwe na umiliki halali.