Namna ya Kumpima Rais Mpya Mwenye Utata

Anza kwa kutenganisha rekodi yake ya zamani na kazi anayoianza, kwani muda unaompa ni wa kutazama matendo, si wa kufuta aliyoyafanya. William Ruto alipoapishwa Kasarani tarehe 13 Septemba 2022, Wakenya walikuwa wamegawanyika: alikuwa ametangazwa mshindi kwa asilimia 50.49, na Mahakama ya Juu ilikuwa imeuthibitisha ushindi huo siku nane tu kabla.

Chukua daftari, uandike ahadi zinazoweza kuhesabika pamoja na tarehe zake. Siku ile alisema mfuko wa mbolea wa kilo 50 ungeshuka kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Ahadi ya namna hiyo humtaka mkulima aende ghalani akaulize bei, wala haihitaji mchambuzi wa televisheni. Hotuba tamu ziache zipite.

Uteuzi, hata hivyo, upime papo hapo. Majaji sita ambao mtangulizi wake alikataa kuwateua waliapishwa kesho yake, na hata mpinzani mkali alipaswa kuliandika hilo upande wa mema, kwa kalamu ileile atakayoandikia majina ya mawaziri yatakayomkera.