Kutega visubi kwa taa za rangi, hatua kwa hatua

Visubi ninaowazungumzia ni jenasi ya Culicoides: wadudu wa milimita 1 hadi 3 wanaobeba virusi vya ulimi wa buluu wa kondoo na vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Rangi ya taa hubadilisha idadi na aina utakazopata, lakini ukipanga mitego ovyo utakuwa unapima mahali, si rangi.

1. Andaa mitego inayofanana. Feni za nguvu sawa, betri zilizojaa, idadi ileile ya balbu za LED. Kinachotofautiana kiwe rangi tu: urujuanimno (UV), kijani, buluu, nyekundu. Mdomo wa mtego uzungushie neti yenye matundu ya milimita 2 hivi. Bila neti hiyo nondo na mende watajaa, hasa kwenye urujuanimno, na asubuhi utachambua takataka.

2. Tundika. Kando ya zizi, mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, mbali na taa za nyumba. Acha kama mita 50 kati ya mtego na mtego. Chini, weka chombo cha maji yenye matone mawili ya sabuni ili visubi wazame.

3. Zungusha. Hapa ndipo penye kazi. Pembeni mwa zizi lenye tope na samadi visubi ni wengi hata kwa taa mbovu, maana Culicoides imicola, mojawapo ya spishi za visubi hawa, huzaliana kwenye udongo mbichi wenye kinyesi. Kwa hiyo rangi nne, vituo vinne, usiku nne: kila rangi ilale kila kituo mara moja. Mwezi mpevu hupunguza mavuno, na upepo pia, ndiyo maana rangi zote ziwake usiku uleule.

4. Washa kabla jua halijazama, zima baada ya kuchomoza. Chuja, hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka.

5. Chambua kwa hadubini. Madoa ya mabawa hukuonyesha spishi. Kisha tazama tumbo la majike: lenye rangi ya damu ya mzee limeshataga, yaani huyo ameshanyonya mnyama na huenda ana virusi. Waliojaa damu mbichi watenge. Ukiwachanganya kwenye kipimo, virusi utakavyovikuta huenda ni vya ng'ombe aliyenyonywa jana usiku.